Piano ya Ukumbini London kwenye Vibonye vya Springi!

Mnh! Acheni tu, ndugu zangu. Kuna ugonjwa umeingia mjini, na yeyote aliyewahi kuchungulia studio ya chumba kimoja, iwe Sinza, iwe Mbagala, iwe kule Kayole Nairobi, ameuona kwa macho yake. Kijana ana laptopu, ana diski ya nje ambayo waya wake umefungwa mpira ili usichomoke, na ndani ya diski hiyo zimejaa piano. Piano ya Mjerumani imo. Piano ya Mjapani imo. Iliyofunikwa kitambaa ili itoe sauti ya usingizi imo, iliyorekodiwa kwenye ukumbi wenye mwangwi imo. Ukimwuliza ana ngapi anacheka, maana hata yeye hajui. Sasa geuza macho mezani uone piano zote hizo zinapigwa na nini. Mtume! Kakibodi ka vibonye 25, vyembamba, vya springi, na kimoja kikishabonyezwa hakirudi juu mpaka ukiinue kwa ukucha.

Naye hachoki kulalamika. "Mzee wangu, hizi sauti hazina uhai kabisa. Ile ya juzi nimeifuta, leo nashusha nyingine." Hazina uhai! Piano iliyorekodiwa na mafundi waliobobea, kwa maikrofoni ambazo bei ya moja tu ingelipa kodi ya chumba chake mwaka mzima, eti haina uhai. Anafuta, anashusha, anafuta, anashusha. Bando la usiku linakwisha, wimbo haujaanza. Ukipita mwezi ujao utamkuta pale pale, kainama, anasikiliza mifano ya piano ya watu wengine.

Jamani, hebu tukae tuliseme hili jambo, maana vijana wanaumia na pesa zinapotea. Ukibonyeza kibonye cha kontrola, yaani kibodi kama hako kakibodi, hakuna sauti yoyote inayokwenda kwenye kompyuta. Hata chembe. Kinachopita kwenye waya ni taarifa tu: kibonye fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Na nguvu hiyo huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 127, basi. Utaratibu huo ndio MIDI, ulioonyeshwa hadharani Januari 1983 kule California, pale kinanda cha Sequential ya Marekani na kinanda cha Roland ya Japani, kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja wale wale, vilipounganishwa kwa waya vikaelewana. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walioisukuma kazi hiyo wakaja kupewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013, na walistahili, maana miaka yote hiyo imepita na lugha hiyo bado inatumika.

Sasa, namba hiyo inapatikanaje? Chini ya kila kibonye kwa kawaida kuna angalau vihisio viwili. Kidole kikishuka kinaamsha cha kwanza, halafu cha pili, na mashine inapima muda uliopita katikati. Muda ukiwa mfupi, inasema huyu kapiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, inasema huyu kapapasa. Haya, chukua kibonye cha springi, chepesi mwanzoni, kigumu mwishoni, kilichotengenezwa kwa haraka. Kidole hakina pa kuegemea, hakijui kimefika wapi. Utakusudia 60, itatoka 35. Utakusudia 70, itatoka 118. Programu ya piano ya watu inapokea hizo namba za ajabu na kuzitii kwa uaminifu: noti hii inanong'ona, inayofuata inapiga yowe. Unamtuma mjumbe mwenye kigugumizi akasome shairi, halafu unamfukuza mtunzi!

Hili la uzito si anasa ya wazungu, kama alivyodai bwana mmoja hapa kijiweni huku akimeza kahawa. Ndilo lililoizaa piano yenyewe. Karibu mwaka 1700, kule Florence, Mwitaliano Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akitunza vinanda vya ukoo wa Medici, alichoshwa na vinanda vilivyokuwa vikidonoa nyuzi. Upige kwa hasira, upige kwa mapenzi, sauti ile ile. Akabuni nyundo inayorushwa na kibonye, inaupiga uzi, inaachiwa, inarudi. Kuanzia hapo nguvu ya kidole ikawa ndiyo nguvu ya sauti. Mkono wa mpiga piano hujifunza uzito wa ile nyundo miaka na miaka. Ukiuondoa ule uzito, mkono unakuwa kipofu. Na nyundo za upande wa besi ni kubwa kuliko za upande wa juu, ndiyo maana kontrola nzuri huwa nzito kushoto na kupungua uzito taratibu kuelekea kulia. Mtu akikuambia hiyo ni mbwembwe, mwambie akae kwenye piano ya kweli asikilize vidole vyake.

Lakini nani wa kwenda kukaa kwenye piano ya kweli? Loo! Pwani hii, unyevu huu? Piano kubwa ya ukumbini ya Steinway, ile Model D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 480. Hebu ipandishe ghorofa ya tatu Mwananyamala nikuone. Na ukishaipandisha, joto na chumvi ya bahari vitaanza kazi: mbao zinavimba, nyuzi zinashika kutu, na fundi wa kuisawazisha sauti ukimpata mshukuru Mungu. Kwa hiyo sisi tunaoishi huku programu hizi zimetufaa mno, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Mtoto wa Temeke leo anaweza kupiga piano ya Yamaha CFX iliyorekodiwa Abbey Road, London, na kampuni ya Garritan. Babu yake angepiga wapi? Ndiyo maana roho inaniuma kuona neema hiyo inachezewa.

Tuje Kariakoo sasa. Mnajua wenyewe. Kijana kasikia ushauri, kakusanya pesa, kaingia dukani. "Nataka yenye uzito." Muuzaji anachomoa boksi refu, anatabasamu. "Kaka, hii hapa, vibonye 88, piano kamili." Kijana anahesabu 88, moyo unatulia, analipa. Anafika nyumbani, ni springi tupu, 88 vya springi! Idadi ya vibonye na uzito wa vibonye ni mambo mawili yasiyojuana kabisa, lakini watu wanaliwa kila siku. Kisha kuna ile ya katikati, springi iliyoongezewa uzito kidogo, ambayo kwenye boksi inaandikwa kwa ujanja ujanja ili ulione neno "uzito" na usisome lililo mbele yake. Unachokitafuta ni nyundo. Boksi lisipotaja nyundo, rudisha pesa mfukoni.

Na ukienda, nenda na vidole, usiende na macho tu. Bonyeza kibonye cha mwisho kushoto polepole, kisha cha mwisho kulia. Jaribu kupiga noti ile ile mara nyingi kwa haraka bila kukiachia kibonye kipande mpaka juu. Zenye vihisio vitatu, kama Roland FP-10, zinaweza hilo kirahisi. Zenye viwili, kama Yamaha P-45, zinataka kibonye kipande zaidi kwanza. Hapo usininukuu vibaya, P-45 ni kifaa cha heshima, kimesomesha wengi, nami simkatazi mtu. Sikiliza pia mlio wa vibonye vyenyewe ukiwa umezima sauti: tok, tok, tok. Wewe umevaa hedifoni unaona raha, mpangaji wa chini anasikia mtu anapigilia misumari saa tano usiku. Wangapi wamepewa notisi na baba mwenye nyumba kwa sababu hiyo!

Halafu hayo mabishano ya majina. Yaani watu wazima, wenye watoto, wanatoleana macho: ya fulani ndiyo yenye vibonye, hapana ya fulani, ya kwako takataka. Khaa! Kampuni nyingi wanazogombania hazitengenezi vibonye vyao. Zinanunua kwa Fatar, kiwanda cha Recanati, Italia. Nord wamenunua huko, Native Instruments wamenunua huko, na Studiologic ndiyo jina la Fatar yenyewe. Mabwana wawili waligombana hapa kijiweni kwa ajili ya majina hayo mpaka kahawa ikamwagika, kumbe walikuwa wanatetea mtambo wa kiwanda kimoja. Tofauti ipo, maana Fatar ana mitambo mingi, ya bei na bei, na ndiyo ya kuulizia: mtambo gani umo ndani, si nembo gani iko juu.

Kuna mwingine naye alijitoa mhanga akaagiza Kawai VPC1. Kifaa cha kusifiwa, sibishi: vibonye vya mbao, na hakina sauti yake hata moja, kazi yake ni kuendesha programu tu. Ila kina karibu kilo 30! Yeye anapiga kwenye kwaya tatu, Jumapili asubuhi, Jumapili mchana na mkesha. Bodaboda wa kwanza alikitazama akawasha pikipiki akaondoka. Bajaji ikakubali kwa bei ya mizigo. Wiki ya pili mgongo ukakataa, na sasa VPC1 imelala nyumbani, kanisani amerudi kwenye kinanda cha zamani cha vibonye 61. P-45 ni kilo 11 na nusu, mtu anaibeba begani. Jiulize kwanza utapiga wapi, jamani, kabla ya kuuliza nini kizuri duniani.

Na umeme je? Hapa ndipo ninapochoka kabisa, maana mtu wa Ulaya akiandika ushauri wake hana habari na mgao. Piano ya kidijitali inayotegemea adapta, umeme ukikatika inanyamaza, hata laptopu iwe na chaji tele. Lakini kontrola kama M-Audio Hammer 88 inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu, kwa hiyo betri ya laptopu ikiwepo, ibada inaendelea. Casio PX-S1000 inakubali betri sita ndogo za kawaida, zile za rimoti. Kwa upande mwingine, laptopu ikigoma, piano ya kidijitali yenye sauti zake inakuokoa, ilhali kontrola tupu inakuwa ubao. Nyumbani kwako unajua kinachokatika zaidi ni kipi. Mimi kwa kanisani ningechukua yenye sauti zake mwenyewe.

Haya, programu. Ziko za namna mbili na watu wanazichanganya. Namna ya kwanza ni sampuli: mafundi wanakaa na piano ya kweli, wanarekodi noti, kwa upole, kwa kiasi, kwa nguvu, tabaka kwa tabaka. Salamander Grand, ambayo ni ya bure, narudia, ya bure, ni Yamaha C5 iliyorekodiwa kwa tabaka 16 za nguvu. Ile CFX ya Garritan ikiwa kamili inapita GB 100. Keyscape ya Spectrasonics, GB 77. Namna ya pili haina rekodi: kompyuta inakokotoa papo hapo jinsi nyundo inavyogonga na uzi unavyotetemeka. Pianoteq ya Modartt, kampuni ya Toulouse, Ufaransa, ndiyo inayojulikana zaidi. Imekuwepo tangu 2006, na ukubwa wake ni MB 50 hivi. Hamsini! Picha za harusi ya binamu yako ni nzito kuliko hiyo.

Sasa mtu mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, anaacha ya MB 50, anapigania ya GB 100. Anakesha siku ngapi sijui, anamwomba shemeji intaneti ya ofisini, hatimaye inaingia. Anabonyeza kodi moja, pedali chini: krr, krr, kha. Sauti zinakatika. Na sababu iko wazi. Tangu programu ya GigaSampler mwishoni mwa miaka ya 1990, programu hizi huweka kwenye RAM mwanzo tu wa kila noti, sehemu iliyobaki inasomwa kutoka kwenye diski wakati ule ule unapopiga. Diski ya kuzunguka iliyochoka haiwezi kukimbia hivyo, hasa pedali ikiwa chini na noti zinarundikana, tena na rekodi za maikrofoni tatu nne zilizowashwa kwa pamoja ndani ya programu. Weka kwenye SSD, zima maikrofoni zote ubakize moja, utashangaa. Lakini nani asikie? Anasema programu mbovu. Anafuta.

Na hao wa kraki, programu za wizi! Ee Mola. "Mzee, nina kila kitu kwenye flashi, bure." Bure hiyo imeua kompyuta ya studio nzima na nyimbo za watu ndani yake, kwaya imekuja kuchukua kazi yake haipo. Wakati Salamander ipo, piano laini ya LABS ya Spitfire ipo, bila wizi, bila virusi. Pianoteq nayo unaijaribu bila malipo, dakika 20 kwa mara na baadhi ya noti zimezimwa, lakini inatosha kabisa kujua kama vidole vyako na sauti ile vinapatana. Wanamuziki tunaolia kila siku kwamba kazi zetu zinaibiwa, tunasimama mbele ya nani kudai haki huku flashi ya kraki iko mfukoni?

Bado kuna suala la sauti kuchelewa. Kijana kavaa hedifoni za Bluetooth, anapiga, sauti inakuja baadaye, anapiga, inakuja baadaye. Kanunua kontrola nyingine! Kontrola nyingine jamani, wakati kinachochelewesha kiko masikioni mwake. Hedifoni za waya za bei ya chipsi kuku zingemaliza kesi. Kisha kuna bafa, ule mkusanyo wa sauti kompyuta inaouandaa kabla ya kuutoa. Kwa kiwango cha vipimo vya sauti 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipimo 128 ni karibu milisekunde 3; ya 1024 ni zaidi ya 23, na hapo kidole kinaanza kuhisi kimelala. Pata saundi kadi yenye dereva ya ASIO kama unatumia Windows, shusha bafa mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha panda ngazi moja. Ni kazi ya dakika mbili.

Na kabla hujafuta programu yoyote, ingia kwenye mipangilio yake urekebishe jinsi inavyopokea nguvu ya pigo. Karibu zote zina mahali hapo. Kontrola moja inatoa namba ndogo hata ukipiga kwa nguvu, nyingine inatoa kubwa hata ukigusa. Ukisogeza ule mstari kidogo, piano uliyoiita maiti inakaa kitako na kuanza kuongea. Piano nyingi sana zimefutwa mjini hapa bila kosa, nami nazihurumia.

Pedali msiniulize. Au niulizeni tu. Kwaya moja ya jirani, siku ya sikukuu, ukumbi umejaa, maaskofu wamekaa mbele. Mpiga kinanda, mguu umeshakaa kwenye pedali kwa wasiwasi, akawasha kinanda. Vinanda vingi vinapowashwa husoma pedali ilivyo na kudhani hivyo ndivyo inavyokaa ikiwa huru. Basi ikageuka: akikanyaga, sauti inakatika, akiinua mguu, noti zote zinaendelea kulia, zinapandana zenyewe kwa zenyewe, ubeti wa kwanza ukawa uji mtupu. Soprano wakamtazama. Yeye akazidi kukanyaga. Dawa ilikuwa kuzima, kuondoa mguu, kuwasha. Na hiyo pedali ya mraba ya plastiki inayotembea sakafuni mpaka mpigaji anaifuata kwa kisigino, ndugu zangu, ibadilisheni. Tafuta ya umbo la piano, na kama kontrola yako inaelewa nusu ya mkanyago, nunua inayoweza kutoa nusu, maana piano ya kweli haina kuwaka na kuzima tu.

Alikuja mmoja juzi hapa kijiweni, ana pesa kiasi cha piano ndogo ya kidijitali au programu kubwa na kontrola ya springi, akataka tumwamulie. Tukamwambia kwa sauti moja: nyundo kwanza. Chukua hiyo piano ndogo, chomeka waya wa USB, weka Salamander, piga miezi sita. Akaitikia, akatikisa kichwa, akaonekana ameelewa. Akasimama, akavuta suruali, akauliza: "Sawa wazee, lakini ile ya GB 100 nayo naipataje?" Kahawa ilinipalia.

Hata hivyo ile piano ndogo kainunua, na nilikwenda kuiona. Kaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Meza ya pasi! Ukipiga fortisimo inapiga magoti. Na anakalia kiti cha plastiki kilichomzamisha, viwiko viko chini ya vibonye, mabega yamepanda masikioni. Nimemwambia aweke stendi ya miguu minne na apandishe kiti mpaka viwiko vilingane na vibonye, kesho napita tena kuangalia kama amefanya.